Shilingi 150: Kima cha Chini Kilivyozaliwa Tanganyika

Tarehe 1 Januari 1963, Tanganyika ikiwa Jamhuri ya majuma matatu tu, amri mpya ya mishahara ilianza kutumika nchi nzima. Katika miji ya Dar es Salaam na Tanga hakuna mwajiri aliyeruhusiwa kumlipa mtu mzima chini ya shilingi 150 kwa mwezi. Miji mingine ilipewa kiwango cha chini ya hapo, na mashambani kiwango kilishuka tena. Kwa karani mwenye elimu yake hilo halikuwa jambo kubwa. Kwa mfagiaji wa ofisi, mpakuzi wa magunia na mpishi wa hotelini, lilikuwa tukio la maisha. Wengi wao walikuwa wamezoea kufika mwisho wa mwezi na fedha isiyomtosha hata mtu mmoja, sembuse mke na watoto.

Amri hiyo ilitengeneza tabaka jipya la wafanyakazi nchini, na wakati huohuo iliwaondoa maelfu ya watu kazini. Wanaoikumbuka kama ushindi mtupu husahau waliorudi kwao na masanduku ya mbao kichwani. Nao wanaoitaja kama kosa la serikali changa hawajatazama kazi ilivyokuwa kabla yake.

Kabla yake, kazi ilikuwa mkonge. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ikapandwa na kushika ni 62. Kutokana na hiyo 62 yakazaliwa mashamba yaliyotanda kuanzia Pangani na Tanga hadi Korogwe, Kilosa, Morogoro na Lindi. Kufikia miaka ya 1950 Tanganyika ndiyo iliyoongoza duniani kwa mkonge, na hakuna kazi nyingine nchini iliyoajiri watu wengi kama hiyo.

Watu hao walitoka mbali. Wenyeji wa Tanga, Wadigo na Wasambaa, walikuwa na minazi yao, mihogo yao na soko la karibu, hawakuona sababu ya kwenda kuchomwa miiba kwa ujira ule. Kwa hiyo wenye mashamba waliwafuata watu kule kusikokuwa na njia nyingine ya kupata fedha ya kodi: Kigoma kwa Waha, Njombe kwa Wabena, Ruanda-Urundi, na ng'ambo ya Ruvuma kwa Wamakonde. Mwaka 1944 wakaunda shirika lao la kukusanya vibarua, SILABU, lenye kambi kubwa Korogwe. Mtu alishushwa pale, akapimwa afya, akaandikwa namba, akagawiwa shamba la kwenda. Hao ndio manamba.

Ujira wao ulihesabiwa kwa kipande. Kipande kilikuwa karatasi yenye vyumba 30, kila siku ya kazi chumba kimoja. Mkataji aliingia shambani alfajiri kabla jua halijawaka, akainama kwenye shina, akakata majani ya chini, akaondoa mwiba wa ncha, akafunga majani 30 kwa fungu, kisha akayabeba mafungu begani hadi kwenye reli ndogo ambako troli ziliyasubiri kuyapeleka kwenye mashine ya korona kusagwa. Utomvu wa mkonge huwasha ngozi, na ncha ya jani inaweza kumtoboa mtu jicho. Mnyapara alipita akihesabu mafungu. Yakitimia, karani aliweka alama kwenye chumba cha siku ile. Yakipungua, hata kama jasho la siku nzima lilikuwa limekwisha kumwagika, chumba kilibaki kitupu, na mshahara haukulipwa mpaka vyumba 30 vijae. Aliyeugua malaria aliona mwezi wake ukinyooka kuwa mwezi na nusu. Juu ya hapo alipewa posho: unga, maharage, chumvi.

Posho ilikuwa ya mtu mmoja, na hapo ndipo penye siri ya mishahara ya kikoloni. Serikali na wenye mashamba walifanya hesabu wakichukulia kwamba mfanyakazi Mwafrika ni kapera hata akiwa na mke na watoto sita. Familia yake, walisema, iko kijijini, inalima na kujilisha. Shamba la Tanga lililipa chakula cha mwanamume, na mke wake aliyebaki Kasulu akalipa gharama iliyosalia kwa jembe lake: kulea watoto, kuwatunza wazazi, kumpokea mume akirudi mgonjwa. Nchini Kenya kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter ililikiri jambo hilo waziwazi mwaka 1954. Ilisema kima cha chini kilikuwa kikikadiriwa kwa mahitaji ya kapera, ikapendekeza kipandishwe hatua kwa hatua mpaka kimtoshe mtu mwenye familia. Mawazo hayo hayakukomea Nairobi. Yalivuka mpaka, na tutayakuta tena Dar es Salaam miaka minane baadaye.

Lakini kabla ya kamati walikuwapo makuli wa bandarini. Bandari ilikuwa sehemu ambako wafanyakazi wachache waliweza kuisimamisha nchi nzima kwa kukunja mikono. Makuli wa Tanga na Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wa Dar es Salaam wakagoma tena 1943. Januari 1947 Mombasa yote ilisimama. Mabaharia na wasafiri wakashuka pwani na habari, na Septemba mwaka huohuo makuli wa Dar es Salaam nao wakaacha kazi. Mgomo ukaenea mjini, kisha ukapanda reli ya kati kuelekea bara. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imepandisha bei za nguo na chakula, mishahara ikabaki palepale. Serikali iliunda baraza la usuluhishi, na uamuzi wake ukawafanya makuli kuwa miongoni mwa vibarua waliolipwa vizuri kuliko wote nchini. Wakaunda chama chao, na kijana Abdulwahid Sykes akawa katibu wake. Mwaka 1950 mgomo mwingine uliishia kwenye ghasia, chama kikavunjwa. Hata hivyo kila mtu alikuwa ameona kwamba mshahara unaweza kusukumwa ukasogea.

Wakoloni walijibu kwa sheria. Mwaka 1951 ilitungwa sheria ya kudhibiti mishahara na masharti ya kazi, iliyoruhusu kuundwa kwa bodi za kupanga viwango, na mwaka 1957 Dar es Salaam ikapata kima chake cha chini cha kwanza. Kilikuwa kidogo na kiliuhusu mji mmoja tu. Manamba hawakukisikia.

Wakati huo vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimepata mwavuli. Mwaka 1955, baada ya Tom Mboya, kiongozi wa wafanyakazi wa Kenya, kuja Dar es Salaam na kuwahimiza viongozi waungane, lilizaliwa shirikisho la TFL, na katibu mkuu wake akawa Rashidi Mfaume Kawawa. Wengi wanamjua Kawawa kama Simba wa Vita na waziri mkuu. Wachache wanakumbuka kwamba alitokea kwenye chama cha watumishi Waafrika wa serikali, na kwamba kabla ya hapo aliigiza katika filamu ya Muhogo Mchungu. Mtu huyo alijua kuongea na umati, na alijua pia kukaa na hesabu za mishahara mpaka usiku. Mwaka 1958 wafanyakazi wa kiwanda cha bia walipogoma, TFL na chama cha siasa cha TANU vilihimiza watu wasinywe bia, na vilabu vikakosa wateja. Mwaka 1960 pekee siku za kazi zilizopotea kwa migomo zilikaribia milioni moja na nusu, nyingi zikiwa za mashamba ya mkonge na reli.

Uhuru ulipofika Desemba 1961, waliogoma waliamini zamu yao imefika. Januari 1962 Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akajenge chama, na Kawawa akachukua nafasi yake. Michael Kamaliza, aliyekuwa rais wa TFL, akawa waziri wa kazi. Mishahara ya nchi ilikuwa sasa mikononi mwa watu waliokulia kwenye vyama vya wafanyakazi.

Walichofanya mwaka ule kilikuwa na pande mbili, na ni lazima zitazamwe kwa pamoja. Upande mmoja ilikuwapo bodi ya mishahara ya nchi nzima, iliyoongozwa na Donald Chesworth, mwanasiasa wa chama cha Labour kutoka London. Bodi ilipiga hesabu ya gharama za maisha ya mtu mwenye familia: chakula, kodi ya chumba, nguo, mafuta ya taa. Kutokana na kazi hiyo ikatoka amri ya shilingi 150. Ilitungwa pia sheria ya kiinua mgongo kwa aliyeachishwa kazi. Upande wa pili, bunge lilipitisha mwaka huohuo sheria iliyofanya mgomo halali uwe kitu kigumu mno kupatikana, maana kila mgogoro ulipaswa kupita kwanza kwa waziri na baraza la usuluhishi. Serikali ilisema: tutawapa mshahara, tupeni utulivu.

Si wote waliokubali biashara hiyo. Victor Mkello, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mashambani, aliendelea kuunga mkono migomo ya mkonge. Januari 1963, mwezi uleule ambao kima cha chini kilianza kulipwa, alipelekwa Sumbawanga akae huko chini ya amri ya serikali. Kasanga Tumbo wa chama cha wafanyakazi wa reli alikuwa amekwisha kutumwa London kama balozi, akajiuzulu, akarudi kuanzisha chama cha upinzani. Naona hapa ndipo historia yetu ya mishahara ilipochukua njia ambayo haijaiacha mpaka leo: kiwango kikawa zawadi kutoka juu, na mikono iliyokuwa ikikisukuma kutoka chini ikafungwa.

Na waajiri je? Walifanya kilichotarajiwa. Mwenye shamba aliyekuwa na vibarua 1,000 wa bei rahisi hakuwahi kujali kama nusu yao walilala kambini siku ya Jumatatu. Nguvu za watu zilikuwa za bei ndogo kuliko mashine, kuliko mafuta, kuliko hata gharama ya kuzisimamia vizuri. Mshahara ulipopanda, kila mtu akaanza kuhesabiwa. Kazi ya siku iliongezwa mafungu. Wapalizi walipunguzwa. Mashamba machovu, yenye mkonge mfupi, yaliachwa yarudi msitu. Watoro waliondolewa, waliobaki wakatakiwa kuja kila siku. Mjini nako mwenye duka aliyeajiri wapagazi wanne alibaki na wawili.

Takwimu za serikali zinaonyesha ukubwa wa jambo hilo. Mwaka 1961 watu walioajiriwa kwa mshahara Tanganyika walizidi 400,000. Mwaka 1963 walikuwa kama 340,000. Pengo kubwa lilikuwa kwenye mkonge, ambao mwanzoni mwa miaka ile uliajiri zaidi ya watu 100,000, na baada ya miaka michache ukabaki na karibu nusu yao. SILABU haikuwa na kazi tena, ikafungwa. Malori hayakwenda tena Kigoma kuchukua watu.

Mara nyingi habari hii husimuliwa kana kwamba mshahara uliua mkonge. Si kweli, na miaka yenyewe inakanusha. Mwaka 1963 na mwanzoni mwa 1964 bei ya mkonge duniani ilikuwa nzuri sana. Uzalishaji wa 1964 ulizidi tani 200,000, nao ni miongoni mwa mavuno makubwa kuliko yote katika historia ya zao hilo nchini. Watu wachache zaidi walitoa mkonge mwingi kama, au kuliko, waliokuwapo kabla. Maana yake kulikuwa na jasho jingi lililopotezwa bure enzi za kipande, na wenye mashamba walikuwa na nafasi ya kulipa zaidi. Kilichokuja kuuangusha mkonge ni kamba za plastiki, pamoja na ushindani wa Brazil, bei ilipoanza kuporomoka kuanzia 1964. Mwaka 1967 mashamba mengi yalitaifishwa baada ya Azimio la Arusha, yakapokelewa na shirika la umma wakati soko limekwisha kuharibika. Mshahara wa mkataji haukuwa na mkono katika kamba ya plastiki.

Kwa waliobaki kazini mabadiliko yalikuwa makubwa. Mfanyakazi wa mshahara wa mwezi aliweza kumwita mke wake kutoka kijijini, akapanga chumba Magomeni au Ngamiani, akampeleka mtoto shule ya karibu. Utoro ulipungua kwa sababu kazi ilikuwa na thamani ya kutunzwa. Mtu alianza kukaa mahali pamoja mwaka hadi mwaka, akajifunza kazi vizuri, akapata akiba ya uzeeni kupitia mfuko wa NPF ulioanzishwa mwaka 1964. Hesabu ya kapera ikafa. Hilo ni jambo kubwa, na sioni jinsi mtu mwenye haki anavyoweza kulijutia.

Walioondolewa hawakuwa na chama wala karani wa kuandika habari zao. Waha waliozoea kwenda mkonge miaka miwili na kurudi na baiskeli na bati za nyumba walikuta mlango umefungwa. Mikoa iliyokuwa ikitoa manamba, ambayo tayari ilikuwa masikini, ilipoteza njia yake kuu ya fedha, na hakuna aliyewafidia. Kiinua mgongo kilimfikia mwenye kazi ya kudumu, si kibarua wa msimu. Nafikiri serikali iliyothubutu kupandisha mshahara ilikuwa na wajibu wa kuwatafutia hao zao jingine la biashara kwao mapema zaidi, nayo haikufanya hivyo.

Wakati kazi zikipungua, watu walizidi kumiminika mjini. Sensa ya 1957 iliikuta Dar es Salaam na watu 128,742. Ya 1967 ikawakuta 272,821. Kijana wa kijijini aliona kwamba mwezi mmoja wa kazi ya mjini unazidi mavuno ya pamba ya msimu mzima, akaona afadhali abahatishe. Kenya walijaribu dawa nyingine: mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana mishahara isimame na waajiri waongeze watu, asilimia 10 kwa sekta binafsi na 15 kwa serikali. Habari ziliposambaa kwamba Nairobi kuna kazi, waliofika kuzitafuta walikuwa wengi kuliko kazi zenyewe.

Huku kwetu Januari 1964 askari waliasi, wakidai nyongeza ya mshahara na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Baada ya maasi kuzimwa, viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa, TFL ikavunjwa, na mahali pake kikawekwa chama kimoja, NUTA, ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na rais. Katibu mkuu huyo alikuwa Kamaliza, huku akiendelea kuwa waziri wa kazi. Mwaka 1967 Profesa H. A. Turner, aliyeletwa kupitia Shirika la Kazi Duniani, alisema mishahara imepanda haraka mno huku ajira na kipato cha mkulima vikibaki nyuma. Serikali ikakubali, ikatangaza kwamba nyongeza za mwaka zisizidi asilimia 5. Hoja ya haki kwa mkulima ilikuwa nzito, na mimi naikubali. Ila mkulima hakuongezewa kile mfanyakazi alichonyimwa.

Miaka iliyofuata inasimuliwa haraka. Kima cha chini cha mjini kilifika shilingi 240 mwaka 1972 na 340 mwaka 1974. Mwaka 1984 kilikuwa 810. Kwa macho namba zinakua. Sokoni, tangu katikati ya miaka ya 1970 hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, mshahara ulipoteza zaidi ya robo tatu ya nguvu yake. Mfanyakazi wa kiwanda aliyekuwa akilisha familia kwa shilingi 150 alimwona mkewe akikaanga maandazi alfajiri, watoto wakiuza barafu, naye akifuga kuku nyuma ya nyumba ili mwezi uishe. Mwaka 1983 serikali iliwakamata mjini watu isiowaona na kazi, wakati mshahara wa kazi yenyewe haumalizi hata wiki mbili. Kapera wa hesabu za kikoloni alirudi kwa mlango wa nyuma: safari hii ni biashara ndogo za familia zilizolipa pengo la mshahara, kama lile jembe la Kasulu.

Sheria za kazi za mwaka 2004 zilileta utaratibu tunaouona sasa, wa bodi za mishahara kwa kila sekta na amri inayotangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Amri zilitoka 2007, 2010, 2013 na 2022. Ya 2013 iliweka shilingi 100,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa kilimo, na 40,000 kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida. Mei Mosi ya 2025, Singida, ilitangazwa kwamba kima cha chini cha watumishi wa umma kitapanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Baadaye mwaka huo ikaja amri mpya ya sekta binafsi, ianze kutumika tarehe 1 Januari 2026, miaka 63 kamili tangu ile ya Chesworth.

Amri hizi zina kasoro ileile ya 1963. Zinamfikia mwenye mkataba na kitambulisho cha kazi, na nchi hii watu wengi wanaofanya kazi hawana hata kimoja. Dada wa kazi halali kambini chini ya mnyapara, analala chumba cha pili ndani ya nyumba zetu, na ofisa kazi hawezi kupita kila mlango. Kwa hiyo nakusihi, msomaji uliyemwajiri mtu nyumbani, dukani au shambani: tafuta amri inayotumika sasa, soma jedwali la sekta yako, andikeni mkataba na umlipe kwa tarehe. Nawe unayelipwa chini ya kiwango, ofisi ya kazi ya mkoa na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi zipo kwa ajili yako, na sheria inakuruhusu kujiunga na chama. Makuli wa 1947 waliongezewa ujira baada ya kudai kwa pamoja.